Matanga ya Mwongozaji Mwenye Afya Njema

Nchi ninayoisimulia haipo. Nilikwenda kuuliza ofisini nikaambiwa haipo, na aliyeniambia ana mhuri, kwa hiyo wewe unayesoma usihangaike kutafuta mfanano. Mimi ni mzaliwa wa nchi hiyo isiyokuwepo, Mtaa wa Nane, na jina langu ni Siwema. Nina banda la video lenye mabenchi machache na televisheni ya chogo. Kabila langu ni Mkeju. Nalitaja kabila si kwa ubaguzi, ila bila hilo hadithi hii haiendi popote.

Wakeju na Wapimbi ni watani. Babu zetu walipigana miaka mingi wakigombea kisima, na kisima kilipokauka wakapatana. Tangu hapo Mkeju anaweza kumwambia Mpimbi neno lolote, hata mbele ya wakwe, na Mpimbi haruhusiwi kukasirika. Nchi yetu ina sheria nyingi za kulinda heshima ya wajenzi wa taifa, lakini hakuna hata moja inayogusa utani, kwa sababu Rais wa kwanza naye alikuwa na watani wake na aliogopa wasije wakagoma kumzika. Maana kwetu hakuna maziko bila mtani. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akazisema kasoro zake zote mbele ya wafiwa, na akitaka anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe anachodai. Na lazima apewe.

Fulgensi Ndimbo ni Mpimbi. Kwa hiyo ni mtumwa wangu, kama watani tunavyoitana, na ndiye mwongozaji wa filamu niliyempenda kuliko wote.

Zamani Fulgensi alikuwa na kamera moja na kigoda kimoja. Alikuja mtaani kwetu akaketi kwenye foleni ya maji pamoja na kina mama, kamera ikiwa usawa wa magoti, akakaa hapo mpaka wakamsahau. Ndivyo ilivyozaliwa Zamu ya Ndoo. Filamu nzima ni ndoo zilizopangwa mbele ya bomba, na wenye ndoo wakipiga soga. Karibu na mwisho bomba linakoroma. Wote wanageuka, ndoo zinasogezwa. Bomba linakohoa, linatema hewa, basi. Hapo kamera inamtazama mama mmoja aliyekalia ndoo aliyoipindua, naye anaanza kucheka. Hakuambiwa acheke. Anacheka taratibu, halafu kwa nguvu, anajifuta macho kwa upindo wa kanga, anacheka tena, kicheko cha mtu aliyedanganywa na mtu anayemfahamu vizuri.

Mama huyo ni Bi Mashavu, mama yangu mzazi. Alifariki mwaka uliofuata. Mbali na picha ya kitambulisho, ambamo amekodoa macho kama aliyefumaniwa, kicheko kile ndicho pekee nilichobaki nacho. Nilikionyesha bandani kwangu mpaka wateja wakakijua kwa moyo, na kila kilipofika waliacha kutafuna karanga.

*

Kisha serikali ikamwona Fulgensi. Kuonwa na serikali ni jambo la hatari, ila kwa nje linafanana sana na bahati. Aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Macho ya Taifa, akapewa gari lenye mapazia na kamera ya kuruka, ile inayovuma kama nyuki, na tangu siku hiyo kamera yake haikukaa chini tena.

Filamu ya kwanza ya wadhifa huo iliitwa Lami Mpaka Moyoni. Kijana na binti wanapendana, lakini hawawezi kukutana mpaka barabara ikamilike. Barabara inakamilika, Waziri anakata utepe, wapenzi wanakumbatiana. Ila hatuwaoni sawasawa, kwa sababu kamera iko mawinguni na wao ni vidoa viwili pembeni mwa lami. Ikafuata Transfoma ya Upendo, ambayo mhusika wake mkuu ni transfoma. Nasema kweli. Inaletwa, inawashwa, inanguruma, watu wanapiga magoti. Ilipofika Lami Mpaka Moyoni, Sehemu ya Pili, wapenzi hawakuwemo kabisa. Barabara ilibaki peke yake, na ilionekana kuridhika.

Nilikwenda kuzitazama zote katika Jumba la Taifa la Sinema. Kila mara nilijiambia, safari hii atashuka, ataomba kigoda, atatutazama. Nilikaa kiti cha mbele nikingoja sura ya mtu hata mmoja. Jumba lile lina milango miwili ya kutokea, mmoja umeandikwa NIMEFURAHI na mwingine NIMEFURAHI SANA, na ule wa kwanza uko kwenye matengenezo. Nikawa natoka na wenzangu kwa mlango uliopo, kila mtu akitazama viatu vyake. Iliniuma kama vile ndugu yangu amelewa hadharani na mimi ndiye ninayetakiwa kusema kwamba ana usingizi.

Hayo yote ningeyavumilia. Mtu akiharibu kazi yake mpya, ile ya zamani si bado ipo? Ndivyo nilivyojifariji mpaka siku Waziri wa Utamaduni na Maono, Mheshimiwa Dokta Pantaleo Lukwaro, alipozungumza na taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "uchunguzi umebaini kuwa katika filamu ya Zamu ya Ndoo bado hakuna maji. Serikali imekwisha kupeleka maji kwa asilimia tisini na nane. Haiwezekani nchi nzima isonge mbele halafu filamu moja ibaki nyuma kimaendeleo! Nimeelekeza bomba lile litoe maji kabla ya Sikukuu ya Mavuno. Kazi hiyo amekabidhiwa mwongozaji mwenyewe, na nakala zote za zamani zitakusanywa ili zisiwachanganye watoto."

Sisi wa Mtaa wa Nane tumo katika ile asilimia mbili iliyobaki, na tulipigiwa makofi kwa uvumilivu wetu. Kesho yake wakaja wawili wenye suti, wakachukua kanda yangu ya Zamu ya Ndoo, wakanishukuru kwa ushirikiano.

*

Nilimfuata Fulgensi ofisini kwake. Alikuwa amenenepa, na ukutani kulikuwa na picha yake akipokea picha yake.

"Ee, mtumwa wangu!" alisema akifungua mikono. "Karibu!"

"Mtumwa ni wewe," nikamjibu, "tena siku hizi umepata bwana mkali kuliko mimi."

Akacheka. Nikaona hapo ndipo pa kupitia, maana mlango wa mtani ni utani.

"Fulgensi, mama yangu anacheka kwa sababu maji hayakuja. Ukimletea maji, atacheka nini?"

Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa. "Nyie Wakeju mna maneno nyie! Jamani, njooni mumsikie mtani wangu!" Makatibu wakaja, wakacheka nao.

"Sitanii," nikasema. "Nakuomba usimguse mama yangu. Hizo barabara zako endelea nazo, zipige picha mpaka zizae. Lakini Zamu ya Ndoo iache kavu kama ulivyoiacha. Ile si yako peke yako."

"Haya, haya, mtani. Umenipata." Akatoa noti mfukoni, bado anacheka. "Chukua ya soda."

Nilitoka nje na hela ya soda mkononi. Maneno yote niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyasema, na yote yalikuwa yamechekewa. Utani ni ruhusa ya kusema, ila haumlazimishi mtu kusikia. Niliyaona haya nikiwa kituo cha mabasi, na sikujua niende wapi.

Nikaenda kwa Mwalimu Bahebe, mstaafu wa jiografia na mteja wangu wa benchi la mbele, mtu ambaye kila akitazama Zamu ya Ndoo hutoa leso kabla bomba halijakoroma. Alinisikiliza, akasema, "Siwema, mtu akiwa hai, ukimtania anacheka anaondoka. Marehemu haondoki mpaka mtani aridhike."

"Lakini Fulgensi hajafa, Mwalimu."

"Nani kakwambia?" aliuliza Mwalimu Bahebe kwa uchungu wa kweli. "Umeiona Lami Sehemu ya Pili?"

*

Tukaweka msiba.

Mpango wetu ulikuwa mdogo. Habari zifike ukoo wa Ndimbo kwamba Wakeju wameweka matanga ya mtoto wao akiwa hai, wazee wa Kipimbi waone aibu, waje chini ya turubai kusikiliza mtani anadai nini. Kimila wangelazimika kunipa. Turubai tulikodi, mikeka tuliazima, na masufuria yalitoka kwa Mama Deodata, muuza maandazi. Mimi nilivaa bereti na miwani isiyo na vioo, nikawa natembea kifua mbele, nikitazama kila kitu kupitia vidole nilivyovikunja pembe nne.

Watu walipopita waliuliza kwa sauti ya chini, "Nani?"

"Fulgensi. Yule wa Zamu ya Ndoo."

Hakuna aliyeuliza kaugua nini. Walivua viatu wakaketi.

"Mimi nasema alikata roho kwenye Transfoma," alisema Mama Deodata akimenya vitunguu. "Pale watu walipopiga magoti."

"Kwenye Transfoma alikuwa mahututi tu," alibisha fundi cherehani wa mtaani kwetu. "Kwenye Lami ya kwanza si mnamkumbuka yule kuku aliyekatiza barabarani? Yule hakuandikwa popote. Yule kuku alikuwa Fulgensi mwenyewe anatupungia. Lami ya pili hakuna kuku."

"Alikufa siku aliyopewa lile gari la mapazia," akasema Mwalimu Bahebe. "Sema hakuna aliyekwenda kumfumba macho."

Wakabishana hivyo hadi jioni. Mimi nikawa nawachekesha, nikijifanya Fulgensi anayemwelekeza mchumba wake kutoka juu ya mti, na wao badala ya kucheka wakawa wanalia. Wanaume wazima walilia. Walikuwa wametoka kwenye lile jumba kwa mlango mmoja miaka yote bila kuambiana neno, na sasa walikuwa wamepata mkeka wa kukalia. Nikaanza kuogopa, maana mimi nilitaka kuwatisha Wapimbi, sikutaka kufungua jeraha la mtaa mzima.

Siku ya pili akatokea Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Tumsifu Kagashe. Huyu aliwahi kuchelewa kwenye msiba wa dada wa waziri fulani, akahamishiwa wilaya yenye mamba wengi kuliko wapiga kura, na tangu aliporudishwa hakuwa anapita turubai lolote bila kusimama. Alishuka garini, akavua kofia, akalia, ndipo akauliza aliyefariki ni nani.

Alipoambiwa, aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena. "Ndimbo? Mkurugenzi Mkuu? Na mimi sina taarifa?"

"Mheshimiwa," nilimwahi, "yuko hai. Huu ni msiba wa kimila, wa kazi zake. Sisi ni watani."

"Pole dada yangu," aliniambia akinishika bega. "Majonzi yakizidi mtu husema chochote." Na tayari alikuwa ameweka simu sikioni.

Baada ya muda redio ya taifa ikakatiza muziki. Mheshimiwa Rais amepokea kwa mshtuko mkubwa habari za kifo cha Ndugu Fulgensi Ndimbo, aliyefariki akiwa katika kilele cha afya njema. Bendera nusu mlingoti. Mazishi ya kitaifa kesho, Mtaa wa Nane, palipo na matanga. Mama Deodata aliangusha kisu ndani ya sufuria.

*

Fulgensi alizisikia habari zake akiwa chumba cha kuhariri, akimwagia maji bomba letu. Alifika na lile gari akitweta, akaingia chini ya turubai, na watu kwa mazoea wakampa pole.

"Mimi hapa!" alipiga kelele. "Nani kasema nimekufa?"

Mkuu wa Wilaya alimvuta pembeni, karibu na masufuria, ndiyo maana niliyasikia yote.

"Ndugu Ndimbo, tusaidiane. Mheshimiwa Rais ametoa rambirambi. Rais hajawahi kumpa pole mtu asiye na msiba. Kwa hiyo hapa kuna mmoja aliyekosea, na huyo ni wewe, kwa kuwa hai."

"Lakini si mnaniona?"

"Binafsi nakuona. Kiserikali ndiyo ngumu." Akapiga simu, akasikiliza, akaitika mara nyingi. "Imepatikana njia. Utakuwa Marehemu Mwandamizi. Utaendelea na kazi kama kawaida, ila jina litatanguliwa na neno hilo."

Nilimtazama Fulgensi usoni, nikamwombea. Nilifikiri, mtu akishakufa hana cha kuogopa tena. Mfu haombi kibali wala hafukuzwi kazi. Mfu anaweza kuchukua kigoda chake akaenda kukaa popote. Nilitamani apige meza, aseme asante kwa kifo, niacheni nikafanye kazi yangu.

"Na gari?" aliuliza.

"Gari linabaki na marehemu."

Akashusha pumzi, akakubali chai.

*

Jeneza liliwekewa mifuko miwili ya saruji, kwa kuwa saruji ndiyo iliyokuwa karibu. Bendi ya polisi ilipiga. Waziri Lukwaro alisema marehemu ameacha pengo lisilozibika, na kwamba wizara imekwisha kuunda kamati ya kuliziba. Fulgensi alisimama nyuma ya wafiwa wakuu akiwa na suti nyeusi, kamera yake ya kuruka ikivuma juu ya vichwa vyetu, kwa sababu alikuwa pia ameteuliwa kuyarekodi mazishi yake.

Walipotaka kushusha jeneza, nikaingia kaburini.

Nililala chali na bereti yangu kichwani. Umati ukanong'ona, halafu wazee wa Kikeju wakapiga vigelegele, maana walijua. Askari mmoja alitaka kunivuta, Waziri akamkataza kwa jicho. Hata waziri huzikwa siku moja.

"Mtani anadai nini?" aliuliza Waziri, akachomoa noti akazirusha. Zilinidondokea kifuani, nikazirusha juu.

"Sitaki hela. Nataka Zamu ya Ndoo iachwe kavu. Mama yangu aachwe alipokaa."

Umati wote uligeuka kumtazama Waziri, na Waziri akageuka kumtazama Fulgensi. Kimila jibu lilikuwa la mwenye msiba, na mwenye msiba alikuwa yeye.

Hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliishusha ile kamera ya kuruka, ikanyamaza. Akaenda garini akarudi na kamera ya mkononi, ile ya zamani iliyochubuka. Akawaomba kina mama kigoda. Akakiweka ukingoni mwa kaburi, akakaa, akaona bado yuko juu mno, akalala kifudifudi kwenye udongo na suti yake mpaka kamera ikawa karibu na uso wangu.

"Endelea, Siwema," alisema polepole. Sauti ilikuwa ile ya foleni ya maji. "Achana na Waziri. Mwambie mama."

Sijui nilisema nini na nini. Nilimwambia mama kwamba bomba bado halitoki. Nilimwambia kanda yake wameichukua, na kwamba nimeanza kusahau kicheko chake kilianzia wapi, kama kilianzia mabegani au mdomoni. Nililia kama sijawahi kulia hata siku aliyokufa, na Fulgensi hakuondoa jicho. Na mimi ndani ya kilio hicho nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu amerudi. Nilisema moyoni, haya, amerudi, amelala mavumbini, anatutazama.

Nilipomaliza alikuwa analia naye.

"Nimekubali, mtani," alisema, na wote wakasikia. "Mama yako atabaki."

Umati ulilipuka kwa vigelegele. Nikanyoosha mkono akanivuta, nikatoka. Saruji ikashushwa, udongo ukarudishwa. Nami nikamwaga maji ya kunawia juu ya kaburi kama mila inavyotaka, na hapo utani wangu na Fulgensi ukaisha. Ndivyo ilivyo kwetu. Mtani akishapewa na kaburi likishafukiwa, hana tena neno juu ya yule aliyezikwa, si la mzaha wala la kweli. Sikulifikiria sana jambo hilo siku ile. Nilikwenda nyumbani nikala maandazi ya Mama Deodata, nikalala vizuri.

*

Zamu ya Ndoo Iliyoboreshwa, kazi mpya ya Marehemu Mwandamizi Fulgensi Ndimbo, ilizinduliwa Sikukuu ya Mavuno. Mimi na Mwalimu Bahebe tulipewa viti vya mbele. Jina lile la filamu lilinitia wasiwasi, lakini nilijiambia ni mambo ya matangazo, mtu hawezi kuapa kaburini kwake mwenyewe halafu akageuka.

Ilianza kama zamani. Ndoo zilezile, soga zilezile. Niliwaona majirani waliokwisha kuhama. Mwalimu Bahebe alitoa leso. Bomba likakoroma, wote wakageuka, ndoo zikasogezwa.

Maji yakatoka. Yalitoka mengi, ya buluu, yanang'aa kuliko maji.

Kamera ikageuka kutafuta uso, nami nikashika mkono wa Mwalimu. Uso ukatokea. Paji lilikuwa la mama, mashavu ya mama, na kwa dakika nzima niliamini ni yeye. Kisha nikaona kwamba analia, na mama hakuwahi kulia mle. Alikuwa ni mimi. Walikuwa wameondoa kaburi na bereti, wakanifunga kanga iliyochorwa na mashine, wakanikalisha kwenye ndoo. Nililia na kulia, na mng'ao wa yale maji ulichezacheza usoni mwangu, na mtu yeyote angeapa kwamba nalia kwa kushukuru.

Nyuma yangu watu walianza kupiga makofi. Wengine walilia. Na kitu kilichoniua kabisa ni kwamba picha ilikuwa nzuri. Haikuwa lami, haikuwa transfoma, haikupigwa kutoka mawinguni. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopiga tangu alipopewa gari, na macho yangu yalikataa kuondoka. Nilimtafuta mama mpaka majina ya mwisho. Hakuwemo.

Nje ya ukumbi watu walinipongeza. Mama mmoja aliyevaa vizuri alinishika mikono akaniuliza nilijisikiaje maji yalipofika, nikamwambia sikumbuki. Mwalimu Bahebe alitangulia kutoka bila kuaga, leso usoni.

Fulgensi alikuwa amesimama karibu na nguzo peke yake. Watu walimpita bila kumsalimu, si kwa chuki, bali kwa utaratibu, maana kusalimiana na marehemu hadharani kunahitaji barua. Aliponiona alikuja haraka, akanishika mkono.

"Nilijaribu, Siwema," alisema kwa sauti ya chini. "Nakuapia nilijaribu kumbakiza. Niliweka maji mbele ya kile kicheko kwa kila namna. Hakikubali. Kila nikiyaweka maji, anaonekana anayacheka maji. Ananicheka mimi." Akaubana mkono wangu. "Wewe ulikubali."

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno. Ningeweza kumtukana kuanzia kwa babu yake aliyegombea kisima, na kila neno lingekuwa haki yangu, ila haki hiyo nilikuwa nimeifukia kwa mikono yangu mwenyewe nikashangilia. Na zaidi ya utani, nchini kwetu hakuna njia nyingine ya kumwambia mtu kama yeye kitu chochote.

"Sema basi," alisema. "Nitanie. Mtumwa wangu, nitanie kidogo. Tangu wanizike hakuna mtu anayenitania." Macho yake yalikuwa yanaomba kama ya mgonjwa anayeomba maji, na nilimhurumia. Nilimpenda mtu huyu kwa miaka mingi, na mpaka sasa sijui ni nani mwingine duniani angeweza kuuona uso wangu vile.

Nikamshika mkono kwa mikono yote miwili, kama tunavyomshika mtu baki tusiyemfahamu sana.

"Poleni kwa msiba," nikamwambia.

"Tumeshapoa," akajibu kwa mazoea. Kisha akabaki ameushikilia mkono wangu, Mpimbi na Mkeju, na hakuna kati yetu aliyecheka.